Mzee Akivunjika kwa Kuanguka Kidogo: Mwongozo wa Kutibu Udhaifu wa Mifupa kwa Familia za Mwanza na Kandokando ya Ziwa

Mtu mzima aliyekuwa amesimama au anatembea tu, akateleza, akaanguka na kuvunjika, ana jambo la pili la kutibiwa mbali na huo mfupa uliovunjika. Mfupa wenye afya hauvunjiki kwa anguko la namna hiyo. Ukivunjika, hasa kwa aliyevuka miaka 50, chukulia kwamba ni osteoporosisi mpaka daktari aseme vingine: ugonjwa unaoufanya mfupa upungue uzito, ujae matundu ndani na kukosa nguvu, huku kwa nje ukionekana uleule.

Yanayotokea mara nyingi tunayajua. Mama anavunjika kifundo cha mkono, anapigwa eksirei, anafungwa hogo, baada ya wiki 6 linafunguliwa, na mambo yanaishia hapo. Wote wanasema aliteleza. Hakuna anayeuliza kwa nini kuteleza kudogo kumevunja mfupa, na siku anayovunjika nyonga ndipo familia inapotambua kwamba mkono ule ulikuwa onyo. Nimeandika kwa ajili ya binti, mwana au mjukuu anayelea mzee hapa Mwanza, Sengerema, Magu, Ukerewe, au huko Musoma na Bukoba, ili swali hilo liulizwe mapema. Mengi ya kufanya yako ndani ya uwezo wa familia ya kawaida. Ya dawa yanamhitaji daktari, na nitaeleza umuulize nini.

Kwanza elewa kinachotokea ndani ya mfupa

Mfupa ni kitu hai. Una nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zinazoupa unyumbufu, na juu ya nyuzi hizo yamejengeka madini ya kalsiamu na fosfeti, yanayoupa ugumu. Mwili hauuachi mfupa uzeeke. Kila siku, mahali pengi kwa wakati mmoja, seli ziitwazo osteoklasti zinakwangua sehemu iliyochoka, kisha seli nyingine, osteoblasti, zinakuja kujenga upya palepale, kama mafundi wanaobomoa tofali bovu na kuweka jipya huku wenye nyumba wakiendelea kuishi ndani. Kwa mtu mzima takribani asilimia 10 ya mifupa yake hufanywa upya kila mwaka. Kukwangua huchukua wiki chache tu, kujenga huchukua miezi. Tofauti hiyo ya kasi ndiyo kiini cha ugonjwa wenyewe: ukwanguaji ukizidi kidogo tu, ujenzi haukimbii vya kutosha kuufikia.

Mpaka mtu anapokaribia miaka 30 ujenzi ndio unaoshinda, na hapo ndipo mfupa unapofika kilele chake. Baadaye mizani inakaa sawa kwa miaka, kisha inaanza kuinama. Kwa mwanamke inainama ghafla anapokoma hedhi, kwa sababu homoni ya estrojeni ndiyo iliyokuwa ikizizuia osteoklasti. Ikishuka, protini moja iitwayo RANKL inaongezeka, nayo huziamsha osteoklasti nyingi zaidi na kuzifanya ziishi muda mrefu zaidi. Mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa wake katika miaka 5 hadi 7 baada ya hedhi kukoma. Wanaume nao hupoteza, ila polepole.

Mifupa haipungui kwa usawa. Sehemu zenye umbo la sponji ndani, yaani pingili za uti wa mgongo, shingo ya mfupa wa paja na mwisho wa mfupa wa mkono karibu na kifundo, huathirika mapema kwa kuwa zina eneo kubwa la kukwanguliwa. Ndiyo maana mivunjiko ya ugonjwa huu hurudia mahali palepale: kifundo cha mkono, mgongo, nyonga, na juu ya mkono karibu na bega.

Kuna jambo jingine la kushika. Asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo kwenye mifupa na meno, lakini ile asilimia 1 iliyobaki ndiyo inayoendesha moyo, misuli na neva, na damu haikubali ipungue. Chakula kisipoleta kalsiamu, tezi 4 ndogo zilizo nyuma ya tezi ya shingo hutoa homoni inayoichota kutoka kwenye mifupa. Mzee asiyekula vizuri anaulipia moyo wake kwa mifupa yake.

Ugonjwa huu hauumi mpaka kitu kivunjike. Maumivu ya magoti asubuhi, vidole kukakamaa, kiuno kubana baada ya kulima, mara nyingi ni ya viungo au misuli, si osteoporosisi. Nasisitiza kwa sababu watu wengi hununua diklofenaki miezi na miezi wakidhani wanatibu mifupa. Wanachoma tumbo na figo, na mifupa inabaki vilevile.

Hatua ya 1: Jua nani yuko hatarini nyumbani kwako

Waliokwisha vunjika kwa anguko dogo wako mbele ya wote. Wanafuata wanawake waliokoma hedhi, hasa waliokoma kabla ya miaka 45 au waliotolewa ovari. Watu wembamba sana. Ambao mama au baba yao alivunjika nyonga. Wavutaji sigara na wanywaji wa pombe kila siku. Hyperthairoidi, yaani tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi, ugonjwa sugu wa figo na selimundu, ambayo kanda yetu inaijua sana, nazo hudhoofisha mifupa.

Kuna pia dawa. Prednisoloni ikitumika kila siku kwa miezi 3 au zaidi inakula mfupa haraka. Dawa za kifafa kama fenitoini na fenobabito zinapunguza vitamini D. Tenofoviri, iliyomo kwenye kidonge cha kila siku cha ARV, hupunguza uzito wa mfupa kiasi katika mwaka wa kwanza au wa pili, kisha hali hutulia. Mtu yeyote asiache ARV kwa sababu hiyo. Kuacha kunaua, na mfupa unaweza kusaidiwa huku dawa zikiendelea. Vivyo hivyo sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi 3: mfupa hupungua wakati wa kuitumia na sehemu kubwa hurudi baada ya kuiacha.

Kunyonyesha nako hupunguza mfupa wa mama kwa muda, na mtoto akiachishwa ziwa mfupa hurudi. Kwa hiyo bibi aliyezaa watoto 8 asiambiwe kwamba uzazi ndio uliommaliza.

Jihadhari na vidonge visivyo na lebo vinavyouzwa stendi na minadani kwa ajili ya "mifupa". Dawa inayoondoa maumivu yote ndani ya siku 2 inaweza kuwa imechanganywa na steroidi, na hiyo ndiyo jamaa ya prednisoloni niliyotoka kuitaja.

Hatua ya 2: Mpime ukutani

Huhitaji mashine. Msimamishe mzee bila viatu, visigino na makalio vikigusa ukuta, macho yakitazama mbele. Weka kitabu au kibao juu ya kichwa, kilale sawasawa, piga alama kwa penseli, kisha pima kwa futi ya fundi. Linganisha na urefu wake wa ujanani kama umeandikwa mahali fulani, au na kumbukumbu yake. Akiwa amepungua sentimita 4 au zaidi, kuna uwezekano mkubwa pingili za mgongo zimebonyea.

Akiwa hapohapo ukutani, angalia kisogo. Kwa kawaida kinagusa ukuta bila kuinua kidevu. Kama kuna nafasi kati ya kisogo na ukuta, mgongo wa juu umepinda. Kisha simama nyuma yake, weka vidole vyako ubavuni kati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga. Visipoingia hata vidole 2, kiwiliwili kimefupika. Pingili nyingi huvunjika bila mtu kujua: aliinua ndoo, akasikia mgongo umekatika, akalala siku 3, akaendelea na kazi.

Hapa nina neno la kusema wazi. Kanda yetu ina historia chungu ya bibi vizee kutazamwa kwa jicho la shaka, kwamba ni wachawi. Mgongo uliopinda wa bibi ni pingili zilizobonyea mbele kuliko nyuma. Una jina, una eksirei na una dawa. Mwambie jirani hivyo pia.

Hatua ya 3: Nenda hospitali ukiwa na maswali

Anzia kituo kilicho karibu, upewe rufaa kwenda hospitali ya mkoa ya Sekou Toure au Bugando, hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Beba eksirei za zamani na dawa zote anazotumia, pamoja na za mitishamba. Mweleze daktari mambo 3: alivunjika wapi na kwa anguko la aina gani, amepungua urefu kiasi gani, na amewahi kutumia dawa zipi kwa muda mrefu. Kisha uliza moja kwa moja: "Daktari, je, huu ni udhaifu wa mifupa, na tunautibu vipi?"

Kabla ya kukubaliana kuwa ni osteoporosisi, mengine yaondolewe kwanza. Mgongo unaouma na kupinda unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho huku kwetu kipo na kinatibika. Unaweza pia kuwa saratani, ya uboho au iliyosambaa kutoka kwenye titi au tezi dume. Homa za jioni, jasho la usiku, kukonda na maumivu yasiyopoa hata akilala ni dalili za kusemwa mapema. Miguu ikianza kulegea au mkojo ukakwama, ni dharura ya siku hiyohiyo.

Vipimo vya kawaida ni eksirei ya mgongo kwa upande, picha ya damu, kalsiamu, utendaji wa figo na ini, na homoni ya tezi ya shingo kama kuna dalili. Vitamini D ikipimika ni vizuri, ila isipopimika matibabu hayasimami.

Kipimo maalumu cha uzito wa mfupa huitwa DXA. Ni eksirei ya nguvu ndogo sana inayopima nyonga na kiuno, na majibu yake hutolewa kwa namba iitwayo alama T, inayomlinganisha mtu na kijana mwenye afya. Shirika la Afya Duniani liliweka mpaka mwaka 1994: -2.5 kushuka chini ni osteoporosisi. Kati ya -1 na -2.5 mfupa umepungua lakini haujafika huko. Mashine hizi ni chache, kwa hiyo piga simu uulize kama ipo na inafanya kazi kabla ya kumsafirisha mzee. Na ujue hili: aliyevunjika nyonga au pingili ya mgongo kwa anguko dogo tayari ana utambuzi. Anaweza kuanza dawa bila DXA. Usikubali matibabu yachelewe miezi kwa kusubiri mashine.

Hatua ya 4: Mlishe kutoka ziwani, ila ujue ni samaki yupi

Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku. Mwanamke aliyevuka 50 na mwanamume aliyevuka 70 wanahitaji 1,200. Glasi ya maziwa au mtindi ya mililita 250 ina takribani 300.

Watu wengi wa ziwani wanadhani kwa kuwa wanakula samaki basi mifupa yao iko salama. Minofu ya sangara na sato inajenga misuli, na mzee anaihitaji, lakini kalsiamu yake ni kidogo. Kalsiamu ya samaki imo kwenye mifupa, na samaki ambaye tunamla na mifupa yake ni dagaa. Hapo ndipo soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba linapowazidi wauza vidonge. Chagua dagaa waliokaushwa juu ya vichanja, si chini mchangani, kwa sababu dagaa wenye mchanga ndio wanaotufanya tuwakate vichwa na kuwaosha mpaka wanabaki minofu. Unaitaka ile mifupa. Wakaange kidogo bila mafuta mpaka wakauke na kuanza kuvunjika kati ya vidole, kisha wapike na nyanya na kitunguu kama kawaida. Kwa bibi asiye na meno, wasage wakiwa wamekauka hivyo, uchekeche, na kila mlo weka vijiko 2 vya unga huo kwenye mboga au kwenye uji dakika chache kabla ya kuepua. Mapema kuliko hapo, harufu inazidi na wazee wengi watakataa.

Mchicha una kalsiamu, ila una pia oksaleti inayoifunga isifyonzwe vizuri. Usiutegemee peke yake. Sukuma wiki inafyonzwa vizuri zaidi. Ufuta nao ni mzuri. Nafaka zisizokobolewa na maharage vina fitati inayoshika kalsiamu pia; kuloweka maharage na kuchachusha unga, kama tunavyofanya kwa togwa na udaga, kunapunguza hilo. Na usisahau protini: theluthi moja ya mfupa ni kolajeni, na mzee anayeishi kwa chai na michembe kutwa anapoteza mfupa na msuli kwa pamoja.

Vidonge vya kalsiamu ni vya kuziba pengo tu, pale chakula kisipofika. Ameze visivyozidi miligramu 500 kwa mara moja, na kama ni kalsiamu kabonati ameze pamoja na chakula. Anayetumia ARV yenye dolutegraviri ana kanuni yake: ama ameze vyote viwili pamoja na chakula, ama ARV itangulie kwa saa 2 au ifuate baada ya saa 6, kwa sababu kalsiamu inaizuia dawa kufyonzwa.

Vitamini D ndiyo inayofungua mlango wa kalsiamu kutoka tumboni, na sisi tulio nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta tuna jua la kuitengeneza mwaka mzima. Watafiti waliopima damu za Wamasai na Wahadzabe hapa Tanzania, wakachapisha mwaka 2012, walikuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita, kiwango cha juu sana. Hao ni watu wanaoshinda nje. Bibi anayeshinda chumbani, au anayetoka akiwa amejifunika kutoka kichwani hadi miguuni, hana faida hiyo hata akiishi Igoma. Jua la saa 1 asubuhi halitoshi, liko chini mno. Kivuli chako kinapokuwa kifupi kuliko wewe ndipo ngozi inapotengeneza vitamini. Mkalishe mzee nje wakati huo, mikono na miguu ikiwa wazi, dakika 20 hadi 30 mara kadhaa kwa wiki, kichwa kikiwa kivulini. Mwenye ualbino asifanye hivyo kabisa. Yeye apewe vidonge. Kwa mzee asiyetoka nje, dozi ya kawaida ni yuniti 800 kwa siku.

Hatua ya 5: Imarisha miguu, kisha kagua nyumba

Ndani ya mfupa kuna seli za aina ya tatu, osteositi, zinazohisi uzito. Mfupa ukibebeshwa, zinapunguza protini iitwayo sklerostini, ambayo kazi yake ni kuzuia ujenzi. Kwa hiyo kutembea na kupanda ni ujumbe wa kibaiolojia kwamba mfupa huu unahitajika. Wakazi wa milimani, Bugarika, Mabatini, Isamilo na kwingineko, wanapata zoezi hilo kila wanapopanda kwenda nyumbani. Tatizo ni kwamba zile njia za mawe ndizo pia zinazowaangusha.

Zoezi ninaloliamini kuliko yote ni kuketi na kuinuka. Weka kiti imara kisicho na magurudumu, mgongo wa kiti ukiegemea ukuta. Mzee aketi mbele kidogo, miguu ikiwa chini ya magoti, ainuke bila kushika mikono kama anaweza, asimame wima, aketi polepole. Mara 10, asubuhi na jioni. Kuketi polepole ndiko kunakojenga paja. Asipoweza bila mikono, ashike meza na apunguze msaada wiki hadi wiki. Ongeza kuinua visigino akiwa ameshika dirisha, na kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 10 ukutani, wewe ukiwa karibu.

Aliyebonyea pingili aachane na mambo 3: kuinama mbele kwa mgongo kufagia na fagio fupi, kulima kwa jembe la mkono akiwa amejikunja, na kubeba ndoo kichwani. Fagio lifungiwe mpini mrefu. Maji abebe kwa vidumu 2 vidogo, kimoja kila mkono. Kitu cha chini akichukue kwa kupiga magoti. Bodaboda kwenye barabara ya mashimo pia si yake.

Kisha pita nyumbani usiku, taa ikiwa imezimwa, kwa njia anayopita kwenda chooni. Huko ndiko wengi wanakoangukia. Chandarua kinachoburuta sakafuni kichomekwe chini ya godoro. Ndala zilizolika zitupwe, anunuliwe viatu vinavyoshika kisigino. Kanga ifungwe juu ya kifundo cha mguu. Kwenye choo cha kuchuchumaa, funga kipande cha bomba la chuma ukutani awe na pa kushika, na kama hawezi kuchuchumaa tena, kiti chenye tundu kinatengenezwa na fundi seremala yeyote. Taa ndogo ya sola korido inatosha. Apimwe macho: mtoto wa jicho anafanyiwa upasuaji, na anayeona jiwe halikanyagi vibaya. Muulize daktari pia kuhusu dawa za usingizi, na za presha zinazomletea kizunguzungu anaposimama.

Hatua ya 6: Dawa

Chakula na mazoezi peke yake havitoshi kwa aliyekwisha vunjika. Nasema hivi bila kusita, kwa sababu nimeona familia zinazopika dagaa kwa bidii zikiikataa dawa.

Dawa za kwanza ni za kundi la bisfosfonati. Zinashikamana na madini ya mfupa, osteoklasti inapokuja kukwangua inazimeza na kulegea. Inayojulikana zaidi ni alendronati, kidonge cha miligramu 70 mara moja kwa wiki. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 1996 kwa wanawake waliokuwa tayari na pingili iliyovunjika ulionyesha kwamba mivunjiko ya mgongo, nyonga na kifundo cha mkono ilipungua kwa takribani nusu.

Namna ya kuimeza ndiyo nusu ya matibabu. Chagua siku isiyosahaulika, kwa mfano Jumapili kabla ya kwenda kanisani au Ijumaa asubuhi. Anapoamka, kabla ya kula chochote, ameze kidonge kizima na glasi iliyojaa maji matupu. Si chai, si maziwa, si uji. Kisha akae wima au atembee kwa dakika 30, asirudi kulala, asile. Hata ukifuata yote haya, haifiki asilimia 1 ya kidonge kinachoingia mwilini, kwa hiyo kikombe cha chai ya maziwa kinaweza kuifuta dozi ya wiki nzima. Na kidonge kikikwama kooni kinachoma.

Hapo kuna tahadhari ya watu wa ziwani hasa. Kichocho cha tumbo cha miaka mingi huharibu ini na kuvimbisha mishipa ya damu kwenye koo la chakula. Aliyewahi kutapika damu, au kuambiwa ana bandama kubwa au maji tumboni, amwambie daktari kabla ya kupewa alendronati. Vivyo hivyo asiyeweza kukaa wima nusu saa, au anayemeza kwa shida.

Kwa hao ipo asidi ya zoledroniki, miligramu 5 kwa dripu isiyopungua dakika 15, mara moja kwa mwaka. Katika utafiti wa mwaka 2007, ndani ya miaka 3 ilipunguza mivunjiko ya pingili kwa asilimia 70 na ya nyonga kwa asilimia 41. Kwa mzee wa Ukerewe au kisiwa kingine, ambaye kila safari ya hospitali ni kivuko na nauli ya watu 2, mimi ningeiomba hii kwanza. Masharti: figo zipimwe, uchujaji usiwe chini ya mililita 35 kwa dakika, kalsiamu na vitamini D ziwe zimerekebishwa, anywe maji ya kutosha siku hiyo. Baada ya dripu ya kwanza wengi hupata homa na mwili kuuma kwa siku 1 hadi 3. Parasetamoli inasaidia. Homa ikizidi hapo, apimwe malaria kama kawaida.

Denosumabu ni sindano ya miligramu 60 chini ya ngozi kila miezi 6, inayoikamata ile RANKL niliyoieleza juu. Inafanya kazi vizuri, na figo dhaifu haziizuii, ila kalsiamu ya damu ifuatiliwe kwa makini. Shida yake ni kwamba ikichelewa au kuachwa bila dawa nyingine kushika nafasi yake, osteoklasti hurudi kwa wingi na pingili kadhaa zinaweza kuvunjika kwa mpigo. Inahitaji pia jokofu. Kama huna uhakika wa kuipata kila miezi 6 kwa miaka, usiianze.

Zipo dawa zinazojenga: teriparatidi, sindano ya kila siku kwa muda usiozidi miaka 2, na romosozumabu, inayozuia sklerostini kwa mwaka mmoja. Ni ghali sana. Mwanamke aliyekoma hedhi karibuni na mwenye joto la ghafla anaweza kujadili na daktari homoni mbadala, ambazo hulinda mfupa pia. Kuhusu gharama, uliza bima yako inalipia ipi kabla ya daktari kuandika.

Hatua ya 7: Nyonga ikivunjika

Dalili ni hizi: mzee ameanguka, hawezi kusimama, mguu mmoja unaonekana mfupi na vidole vimegeukia nje. Usimnyanyue kwa kumkalisha, usimpeleke kwa fundi wa mifupa wa kienyeji, usipake mafuta na kukanda. Mfunge mguu ulioumia kwenye mguu mzima kwa kanga, mto katikati, mlaze bapa na mpeleke hospitali siku hiyo. Nyonga ya mzee inahitaji upasuaji, ikiwezekana ndani ya siku 2. Anayeachwa kitandani wiki kadhaa hupata nimonia, vidonda na kuganda kwa damu, na hivyo ndivyo vinavyoua. Baada ya upasuaji asimamishwe mapema, hata siku inayofuata. Kabla ya kuruhusiwa, uliza kuhusu dripu ya zoledroniki: ilipotolewa ndani ya miezi 3 baada ya upasuaji wa nyonga, vifo vilipungua kwa asilimia 28 katika utafiti mwingine wa 2007.

Hatua ya 8: Fuatilia

Alendronati hutumika miaka 5, zoledroniki miaka 3, kisha daktari anapima kama anaweza kupumzika. Aliye katika hatari kubwa anaendelea. Kupumzika huku ni kwa bisfosfonati tu, kwa kuwa zinabaki ndani ya mfupa. Denosumabu haina likizo.

Meno mabovu yang'olewe kabla ya kuanza dawa, kwani mara chache sana mfupa wa taya hukataa kupona baada ya jino kung'olewa. Jambo jingine la nadra, kwa waliotumia miaka mingi, ni paja kuvunjika katikati. Huanza na maumivu butu ya paja au kinena kwa wiki kadhaa bila kuanguka. Mzee anayetumia dawa hizi akilalamika hivyo, usimpe dawa ya maumivu na kusubiri: mpeleke apigwe eksirei ya mapaja yote mawili, hata kama ni moja tu linalouma.